Maneno ya Gazi ya Ziwa Letu



Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021. Siku tano baadaye serikali ikaamuru mitaa mingi ya Goma ihame. Wengine tulishika njia ya Sake, wengine tukavuka Gisenyi. Njiani kila mutu alikuwa na neno lake: ziwa litawaka, ziwa litapasuka, gazi inakuja! Maneno yalichanganyika sawa maharagi na mchanga, na hofu ikazidi. Basi leo tunayachambua moja moja.

METANI NA GAZI KARBONIKI. Maji ya chini ya Kivu yanabeba gazi hizi mbili. Metani inawaka, ndiyo wanayoitafuta kwa kufanya umeme. Gazi karboniki haiwaki hata kidogo. Yenyewe inazimisha moto, tena ni nzito kuliko hewa, inalala mabondeni. Mazuku tunayokatazwa kukaribia ni hiyo. Na ziwani inapita metani kwa wingi, karibu mara tano.

KUPASUKA. Maji ya chini yakisukumwa juu kwa nguvu, gazi inaweza kutoka yote kwa mara moja. Ilikuwa hivyo Nyos, inchi ya Kameruni, tarehe 21 Agosti 1986. Watu karibu 1700 walikufa, wala si kwa moto, ni kwa kukosa hewa. Kwetu maji ya chini ni mazito, yana chumvi nyingi, hayapandi bure. Lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya muji na kuingia ziwani, lakini maji ya chini hayakuchafuka.

OFSHORI. Ni kazi ya petroli au gazi inayofanywa juu ya maji, mbali na inchi kavu. Kongo tunaijua tangu 1975, kule Muanda, baharini. Huko wanatoboa inchi chini ya bahari, na tundu hilo linaitwa KISIMA. Kivu hakuna kisima, kwa sababu gazi imeyeyuka ndani ya maji yenyewe.

BARJI. Ni chombo kipana kinachoelea na kubeba mashini. Jirani zetu wa Rwanda wanayo moja mbele ya Kibuye, kwa kazi inayoitwa KivuWatt. Tangu 2016 inatoa umeme wa megawati 26.

BOMBA LA KUPANDISHA. Linashuka metre karibu 350. Pompi inaanzisha maji tu, kisha yanapanda yenyewe. Namna gani? Fungua chupa ya Fanta: mgandamizo unapungua, mapovu yanatokea, yanasukuma kinywaji juu. Ndani ya bomba ni vile vile.

KITENGANISHI NA KUOSHA. Kitenganishi ni tangi ambamo gazi inaachana na maji. Lakini gazi hiyo ingali mchanganyiko, kwa hiyo wanaiosha kwa maji. Gazi karboniki inayeyuka majini upesi kuliko metani, basi inakwenda na maji, metani inabaki. Ndipo inapelekwa inchi kavu kwa bomba lingine.

MAJI YA KURUDISHWA. Hili ni neno dogo, lakini tunaomba mulishike kuliko yote. Maji yaliyotolewa gazi yanarudishwa ziwani. Yakirudishwa karibu na juu, yanapeleka mbolea na sumu ya chini kule wanakoishi sambaza. Tena yanaweza kulegeza ule mpangilio wa maji mazito na mepesi unaotulinda. Lazima yarudi chini sana.

BLOKI. Ni sehemu ya ziwa iliyopimwa na kupewa kampuni moja. Julai 2022 serikali yetu ilitia bloki 3 za gazi ya Kivu katika mnada: Makelele, Idjwi na Lwandjofu.

Kumbe kutoa gazi kwa akili kunaweza kutupa umeme, hata kupunguza hatari iliyo chini. Kutoa ovyo kunaweza kuiongeza. Siku mainjinia watakapokuja kusema na watu wa Goma, tusiishie kupiga makofi. Mmoja wetu asimame na aulize kwa heshima: «Maji munayarudisha metre ngapi?» Akijibiwa, awaeleze wazazi nyumbani, kwani wao pia walikimbia mwaka ule.