Nyota Moja Ikionekana Mbili

Umeme ukikatika Chamazi au Bunju, watu hutoka uani kupunga upepo, na hapo ndipo wengi hugundua kwamba anga la Dar es Salaam bado lina nyota. Katikati ya jiji taa zimezifunika. Pembezoni mwa Temeke na Kinondoni, hasa kuanzia Juni mvua za masika zikiwa zimepita, zinaonekana kwa wingi. Mwenye darubini ya macho mawili, ile ya kutazamia wanyama mbugani, huitoa kabatini. Punde si punde malalamiko huanza: mbona kila nyota naiona mbili?

Washukiwa ni watatu: darubini, jicho na anga lenyewe. Hatua ya kwanza ya upelelezi haina gharama: fumba jicho moja. Nyota ya pili ikitoweka, basi kila jicho linaona sawasawa peke yake, ila picha mbili hazikutani. Isipotoweka, ama jicho lililo wazi lina kasoro, ama lenzi za upande huo ni mbovu, ama nyota ni mbili kweli.

Tuanze na darubini. Hizi ni darubini mbili zilizounganishwa kwa bawaba. Wazo lenyewe ni la kale: mwaka 1608, Hans Lipperhey, mtengeneza miwani, alipoipeleka darubini yake kwa watawala wa Uholanzi, walimtaka atengeneze ya kutazamia kwa macho yote mawili. Ugumu wa kazi hiyo uko palepale hadi leo: mirija miwili lazima ielekee mahali pamoja barabara. Ndani ya kila mrija mna vipande vya kioo viitwavyo prizimu. Mpangilio wake uliozoeleka ulibuniwa na Mwitaliano Ignazio Porro, aliyeupatia hataza mwaka 1854. Prizimu hukunja njia ya mwanga na kuisimamisha picha ambayo vinginevyo ingekuja kichwa chini miguu juu. Ikisogea kidogo tu, picha ya upande huo nayo inahama.

Kuisogeza si kazi. Darubini ikianguka kutoka mezani, au ikirukaruka ndani ya buti kwenye barabara ya makorongo, inatosha, hasa ikiwa ya bei rahisi ambayo prizimu zake zimeshikiliwa kwa tone la gundi. Isitoshe, kosa hukuzwa pamoja na picha. Darubini iliyoandikwa 10x50 hukuza mara 10, na lenzi zake za mbele zina upana wa milimita 50. Mrija wake mmoja ukipinda kidogo kuliko mwenzake, jicho huliona kosa hilo karibu mara 9 ya lilivyo.

Mbona basi mchana darubini hiyohiyo haisumbui? Kwa sababu ubongo unaisaidia. Macho yetu yamezoea kugeukia ndani kuelekea pua, kama tunavyosoma ujumbe kwenye simu, kwa hiyo picha zikiachana kidogo kwa upande huo huvutwa zikakutana, ingawa baadaye kichwa kinaweza kuuma. Kugeuka kwenda nje, macho yanaweza kwa shida. Jicho moja kupanda wakati la pili linashuka, karibu hakuwezekani, na ndiyo maana kosa dogo la juu na chini linasumbua kuliko kosa kubwa la kando. Mchana pia kuna miti, mapaa na nyuso za watu, vitu vingi vya ubongo kujishikiza. Usiku kuna vitone vichache katika giza, na kitone kikihama unakiona mara moja. Tena gizani macho yaliyokosa cha kushika huelekea kugeuka kana kwamba yanatazama kitu cha karibu, wakati nyota inayataka yatazame sambamba.

Kuna kipimo kizuri cha usiku. Chagua nyota inayong'aa, kisha zungusha pete ya lenzi ya jicho la kulia mpaka upande huo nyota ivimbe iwe duara la mwanga, huku upande wa kushoto ikibaki kitone. Sasa ubongo hautambui kwamba ni kitu kimoja, hivyo unaacha kuzivuta picha. Tulia utazame. Kitone kikikaa ndani ya duara, darubini ni nzima. Kikikaa juu au chini, nje kabisa ya duara, prizimu zimehama. Mchana, shika darubini umbali wa shubiri moja kutoka usoni na uielekeze kwenye waya wa umeme ulio mbali: waya uyakate maduara yote mawili katika kimo kimoja. Upande wa jua uuepuke kabisa. Waliokusanyika Rujewa, Mbeya, kutazama kupatwa kwa jua tarehe 1 Septemba 2016 walihitaji miwani maalumu hata bila darubini. Kwa darubini, jua huunguza jicho mara moja.

Kabla ya kumtafuta fundi, angalia bawaba. Kwa watu wazima wengi, umbali kati ya mboni mbili ni kama milimita 54 hadi 74, na darubini hukunjwa au kukunjuliwa ili ifuate umbali huo. Filamu zimetudanganya kwa kuonyesha maduara mawili yaliyopandana. Ukiitega vizuri unaona duara moja tu. Baba akimpa mtoto bila kuikunja upya, mtoto ataona giza la pembeni na picha zisizotulia. Fundi naye ana mtego wake: akizinyoosha prizimu kwa kipimo cha macho yake tu, wewe ukiikunja kwa kipimo chako picha zinaweza kuachana tena.

Mshukiwa wa pili ni jicho. Gizani mboni ya kijana hufunguka hadi kama milimita 7, na kasoro ambazo mchana hufichwa na mboni ndogo hujitokeza. Konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, isiyo na mviringo sawa, hali iitwayo astigmatizimu, huichora nyota kama mkwaju wa mwanga au vitone viwili. Inamishe kichwa upande, darubini ikibaki ilivyo: mchoro ukizunguka pamoja na kichwa, kasoro ni ya jicho, na miwani huisahihisha. Mtoto wa jicho pia huweza kuzaa picha mbili. Hospitali zenye huduma za macho, kama CCBRT pale Msasani, hupima haya. Lakini anayeanza ghafla kuona viwili bila darubini yoyote asingoje kliniki. Aende hospitali siku hiyohiyo.

Anabaki mshukiwa wa tatu, anga lenyewe. Mwanzoni mwa Julai, kama saa nne usiku, kundi la Nge huwa juu sana upande wa kusini. Kwenye mkia wake kuna Mu ya Nge, nyota mbili ambazo jicho kali huzitenganisha bila kifaa. Jirani yake Mizani ana Zubenelgenubi, ambayo darubini huigawa vizuri: moja angavu, moja hafifu. Alfa Sentauri, iliyo umbali wa miaka ya mwanga 4.4, nayo ni jozi inayozungukana kwa takriban miaka 80, ila imebanana mno kwa darubini ya mkononi. Darubini ikikuonyesha nyota mbili hapo na pengo pana kati yake, inasema uongo. Kanuni ni nyepesi: darubini mbovu huzigawa nyota zote, kwa pengo lilelile na upande uleule, anga huchagua.

Anayenunua darubini Kariakoo, mpya au ya mtumba, afanye kipimo cha waya kabla ya kutoa pesa. Muuzaji asiyekuruhusu kufika nayo mlangoni, mwachie darubini yake.