KUVUNA MAJI YA PAA: USIANZE NA TENKI



Malipo ya korosho yakianza kuingia, watu wengi huku Likunja, na Ruangwa na Nachingwea kwa ujumla, wanawaza kununua tenki la kuvunia maji ya mvua. Wazo ni zuri, maana kiangazi chetu ni kirefu na ndoo zinabebwa kichwani. Ila kazi hii inaonekana nyepesi kuliko ilivyo. Bati lipo, unanunua tenki, unaunga bomba, basi. Ukishaanza ndipo unakuta hela imeisha na maji bado yanamwagika nje. Tenki ndilo la kununua mwisho. Fuata mpangilio huu:

1. Pima kimo cha ukingo wa bati. Nyumba zetu nyingi za tope zina ukuta mfupi. Tenki la lita 2,000 ukiliweka juu ya msingi wake linaweza kupita usawa wa bati, na maji hayapandi mlima. Pima nyumbani kwanza, halafu nenda dukani na futi ukapime tenki. Likizidi, chukua fupi na pana, au mawili madogo.

2. Kagua mbao za ukingoni. Gata inashikiliwa na ubao. Kama ubao umeliwa na mchwa au kenchi zimepinda, gata itaning'inia na kudondoka mvua kubwa ikipiga. Hapa ndipo hela nyingi isiyotarajiwa inapokwenda, kwa hiyo iweke kwenye bajeti mapema.

3. Weka mwinamo. Tumia uzi na pima maji. Kila mita 1 gata ishuke sentimita 1 kuelekea kwenye tenki. Nyumba ya mita 8 ishuke sentimita 8. Vishikizo viwe karibu karibu, nusu mita hivi.

4. Jenga msingi. Lita 2,000 za maji ni kilo 2,000, yaani tani 2. Ukiweka kwenye udongo mtupu, tenki litainama au kupasuka. Jenga kwa mawe na saruji, uwe wa usawa, na ndoo iingie chini ya koki. Maji yakifurika yapelekwe mbali kwa bomba, la sivyo yatakula ukuta wa tope.

Sasa hesabu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Nyumba ya mita 8 kwa 6, ukiweka gata upande mmoja tu, unavuna kwenye mita za mraba 24. Mvua ya milimita 20 ni lita 480. Toa zinazopotea, unabaki na kama lita 380. Kwa hiyo mvua kubwa chache tu zinajaza tenki.

Lakini usijidanganye. Familia inayotumia ndoo 4 kwa siku, yaani lita 80, inamaliza lita 2,000 kwa siku 25. Ukiyaweka kiangazi kwa ajili ya kunywa tu, lita 10 kwa siku, yanakwenda siku 200. Uamuzi huo mkubaliane nyumbani kabla mvua hazijakatika.

Jambo lingine ni salfa. Tunapopuliza mikorosho, vumbi lake linatua kwenye mabati pamoja na kinyesi cha ndege. Mvua za mwanzo wa msimu usizikinge kabisa, geuza bomba zioshe paa. Baada ya hapo, kila mvua mwaga ndoo moja au mbili za mwanzo. Mdomo wa tenki ufungwe wavu kuzuia mbu, na maji ya kunywa yachemshwe.

Mwisho, ratiba. Hela ya korosho na mvua vinakuja karibu pamoja, na fundi naye ana shamba lake. Ukisubiri malipo ndipo uanze yote, msimu utakupita. Mbao na mawe ya msingi viandae kiangazi kidogo kidogo, ili malipo yakitoka ibaki gata na tenki tu.

Nawatakia maandalizi mema ya msimu.