Kuchora Gari kwa Penseli: Tunayojifunza Mezani Kwetu Coventry

Kama nyumbani kwako yuko mtoto anayechora magari pembeni mwa kila daftari, makala haya ni yako. Mimi ni muuguzi, si mchoraji. Stashahada niliipata nyumbani Tanzania, shahada nikaisomea hapa Uingereza, na kwa miaka mitatu sasa naishi na mtoto wa kaka yangu, mwenye miaka 13. Mpira haumhusu. Yeye ni magari tu, na mwaka huu anatakiwa kuchagua masomo ya GCSE. Anataka Sanaa iwemo. Baba yake alipiga simu kutoka Tanga akaniambia, "Mdogo wangu, sikumleta mtoto Ulaya aje kuchora." Fomu inarudishwa shuleni mwisho wa mwezi.

Nilimweleza kaka kwamba Hesabu, Kiingereza na Sayansi hapa England ni lazima hadi miaka 16, kwa hiyo Sanaa haimfukuzi mtoto kwenye sayansi. Nikamwambia pia kwamba tunaishi mji wa magari. Chuo Kikuu cha Coventry kinafundisha ubunifu wa magari, na wanaoomba nafasi huonyesha michoro yao. Nikamtajia Ian Callum, Mskoti aliyewatumia Jaguar mchoro wake wa gari mwaka 1968 akiwa na miaka 14 akitafuta kazi, na mwaka 1999 akawa mkuu wa ubunifu wa kampuni hiyohiyo. Kaka akasikiliza, kisha akasema: haya, nitumieni hiyo michoro niione.

Hapo ndipo kazi ilipoanza, maana michoro yenyewe ilikuwa na matatizo. Magari yalielea hewani, matairi yalikuwa kama mayai yaliyobonyezwa, na kivuli kilikuwa ukungu wa kijivu uliosuguliwa kwa kidole. Tukaanza upya, dakika ishirini kila jioni nisipokuwa na zamu ya usiku.

Vifaa ni vya bei ndogo. Penseli nne zinatosha: 2H, HB, 2B na 6B. Ile nyeusi ya ndani ni grafiti iliyochanganywa na udongo. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na mstari wake hafifu. Hizo ni za H. Grafiti ikizidi, huwa laini na nyeusi. Hizo ni za B. Mistari ya kwanza ichorwe kwa 2H bila kukandamiza, ifutike kirahisi. Karatasi za printa ni laini mno. Tafuta daftari la kuchorea lenye karatasi ya kukwaruza kidogo. Nunua pia ile raba inayokandwa kama donge la chapati. Unaichonga kwa vidole iwe na ncha, unaigusisha tu pale unapotaka mwanga, nayo inanyonya grafiti bila kuchubua karatasi.

Kijana alitaka kuanza na Jaguar. Nilikataa. Tulianza na Toyota Hiace, daladala ya kwetu, kwa sababu ile ni boksi lenye matairi. Chora boksi la kiberiti kwanza, ulitazame kwa pembeni, halafu likate liwe gari. Kipimo ni tairi lenyewe. Kati ya tairi la mbele na la nyuma yanaingia matairi mengine kama matatu hivi, kwa Hiace na hata kwa gari dogo la kawaida. Kimo cha Hiace nacho ni kama matairi matatu, wakati gari dogo la kawaida linazidi mawili kidogo tu. Mtoto akishika vipimo hivyo, gari linatambulika kabla hajachora hata taa.

Matairi ndiyo yaliyotuchosha. Ukilitazama gari kwa mshazari, tairi halionekani duara, linaonekana duaradufu. Swali ni duaradufu hiyo ielekee wapi. Tulichukua kifuniko cha chupa ya maji, tukatoboa katikati na kupitisha kijiti cha meno. Kijiti ndicho ekseli. Kigeuze unavyotaka, utaona upana mkubwa wa ile duaradufu unakikata kijiti kwa pembe mraba kila mara. Basi chora ekseli kwanza, kisha tairi. Kijana alikaa na kifuniko kile jioni nzima, akachora kurasa sita za matairi matupu.

Sasa kivuli, na hapa ndipo ninapoona watoto wengi wanakwama. Wanatia kivuli kwenye gari kama wanavyotia kwenye chungwa: upande mmoja mweupe, mwingine mweusi. Bodi ya gari ni rangi inayong'aa, yaani ni kioo kilichopinda. Sehemu zinazotazama juu, kama boneti na paa, zinaonyesha mbingu, kwa hiyo ziache karibu nyeupe. Ubavuni, pale bodi inapopindia chini, inaonyesha ardhi, na hapo huwa giza. Mbingu na ardhi zinapokutana kwenye mlango hutokea mstari mweusi unaokimbia urefu wa gari. Ni taswira ya upeo wa macho. Uchore huo, gari linang'aa hapohapo, hata likiwa jeupe. Mpira wa tairi haung'ai hivyo, una mpito wa taratibu. Kromi ya bampa ni kinyume chake: nyeusi kabisa kando ya nyeupe kabisa, bila kijivu cha kutosha katikati.

Usikandamize penseli kutafuta weusi. Grafiti iliyokandamizwa hung'aa na kukataa tabaka jingine. Pita mara tatu au nne kwa mkono mwepesi, ukifuata mpindo wa bodi, kisha 6B mwishoni. Na kidole kiondoke! Ngozi ina mafuta, nayo huacha madoa yasiyofutika. Tumia tishu au pamba za masikio, na uweke karatasi safi chini ya kiganja. Penye giza kuliko pote ni pale tairi linapokanyaga ardhi. Chora kivuli cha chini kikiunganisha matairi, na gari litaacha kuelea.

Picha za simu zina hila yake. Ukisimama karibu na gari, pua yake huvimba kwenye picha na nyuma husinyaa. Rudi nyuma hatua kadhaa, halafu vuta picha. Bora zaidi ni kuchora gari lililoegeshwa, ila mnajua hali yetu: shangazi mweusi na kijana mwenye kofia wakilikodolea macho gari la mtu kwa nusu saa. Sisi tunagonga mlango na kuomba kwanza. Mzee mmoja mtaani kwetu alitoka, akatazama mchoro, akawasha gari na kuligeuza ili jua litupigie upande mzuri.

Wiki iliyopita tulimtumia kaka ile Hiace. Alikaa kimya siku mbili. Kisha ikaja sauti ya WhatsApp: "Tairi la nyuma kushoto halina upepo?" Tukatazama. Kweli, duaradufu ilikuwa imelala kidogo. Kaka ameendesha daladala miaka kumi na minane, jicho lake halidanganyiki, na kijana alilirekebisha usiku uleule bila kusukumwa.

Kuhusu fomu bado hajasema ndiyo. Ila jana ametuma picha ya gari lake mwenyewe, lenye bonde mlangoni alikogongwa na bodaboda, akataka lichorwe pamoja na bonde lake, lisifichwe. Kwa hiyo ndilo tunalofanya sasa. Ule mstari wa upeo unapofika kwenye bonde haupiti moja kwa moja. Unapinda, unaingia ndani, halafu unatokea upande wa pili. Ukingo wa juu wa bonde, unaotazama chini, unakuwa giza, na ule wa chini unashika mbingu. Kijana amefuta mara tano, na karatasi bado inavumilia.