Ranflati au tairi la kawaida? Hesabu ya msafirishaji wa Musaga

Fungua buti la BMW 320i ya mwaka 2008 iliyoshushwa bandarini Dar es Salaam na kuendeshwa hadi Bujumbura. Mara nyingi utakuta nafasi safi ya mizigo, bila spea, bila jeki, bila spana ya magurudumu. Kwa mfanyabiashara anayepakia vitenge na sabuni nafasi hiyo ni faida, na muuzaji wa gari haachi kuisifia. Kisichotajwa ni sababu yake: gari hilo lilitoka kiwandani likiwa na matairi ya ranflati, na waliolibuni wakaona spea haina kazi.

Musaga, kusini mwa jiji, ndiko barabara ya taifa namba 7 inakoanza kupanda milima kuelekea Ijenda. Gari la mfanyabiashara wa huku halikai lami ya mjini tu. Linapanda kwenda sokoni milimani, linashuka kando ya ziwa hadi Rumonge na Nyanza-Lac, na mara nyingine linafika mpakani Mugina ili mwenyewe avuke kwenda Manyovu na Kigoma. Kwa hiyo swali la kubaki na ranflati au kuhamia matairi ya kawaida ni swali la mzigo na usalama wa safari, wala si la urembo wa gari.

Ranflati ni tairi ambalo kuta zake zimeimarishwa kwa mpira mnene. Tairi la kawaida hubebwa na upepo. Ukiisha, linalala na rimu inasaga mpira. Ranflati likiishiwa upepo, kuta zenyewe hubeba gari. Kipimo ambacho watengenezaji wengi hukitaja ni kilomita 80, kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Kutoka Bujumbura hadi Rumonge ni zaidi kidogo ya kilomita 70. Kwa karatasi, basi, ukipata pancha ukitoka mjini utafika Rumonge. Lakini kipimo hicho hakikuwekwa kwa ajili ya buti lililojaa magunia, wala kwa barabara ambayo maji ya Tanganyika yameila pembeni miaka ya karibuni. Mzigo ukizidi na mashimo yakizidi, umbali unapungua. Na anayekwenda Kobero kupitia Bugarama na Muyinga ana zaidi ya kilomita 200 mbele yake.

Kufika ni nusu ya tatizo. Nusu ya pili ni kwamba tairi lililokwenda bila upepo huwa limekufa, hata kama kwa nje linaonekana zima. Kuta zimejikunja na kupata joto maelfu ya mara, na mpira wa ndani umeanza kusagika. Watengenezaji wengi wanakataza kuliziba. Fundi wa pancha anaweza kuziba tundu la msumari kwa dakika kumi, ila hawezi kurudisha uimara wa ukuta. Kule Japani au Ujerumani dereva anaingia dukani na kufungiwa jingine siku hiyo hiyo. Ahadi ya ranflati imejengwa juu ya duka hilo, na duka hilo likikosekana, ahadi inaishia njiani.

Bujumbura duka la namna hiyo ni la kutafuta. Dola haipatikani kwa urahisi. Kigali, iliyo karibu kuliko Dar es Salaam, imekuwa vigumu kuitegemea tangu Burundi ilipofunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda Januari 2024. Anayesubiri ranflati moja kutoka Dar es Salaam anaegesha gari muda wote huo. Tairi la kawaida la saizi ile ile, 205/55R16, ni miongoni mwa saizi zinazotumika sana duniani, na magari mengi ya Kijapani na ya Ulaya yanaivaa.

Wenye nia ya kuyaleta matairi kama bidhaa wasijidanganye kuhusu cheti cha uasilia kilichorahisishwa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kile cha mizigo isiyozidi dola 2,000. Cheti hicho ni kwa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Tairi la China lililonunuliwa Kariakoo bado ni tairi la China linapofika Mugina. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilinyamaza zamani, na Sameer ya Nairobi, iliyotengeneza matairi ya Yana, iliacha uzalishaji mwaka 2016. Kwa jumuiya inayozungumzia soko la pamoja kila mwaka, hilo ni pengo la aibu.

Turudi kwenye gari. Rimu haina haja ya kubadilishwa: rimu iliyotengenezwa kwa ranflati inapokea tairi la kawaida bila shida. Kinyume chake ndicho kina masharti, kwa sababu ranflati linataka rimu yenye ukingo maalumu wa kulishika.

Kosa kubwa ni kubadilisha kidogo kidogo. Limepasuka moja, unanunua la kawaida moja, mengine matatu unayaacha. Ranflati ni gumu na la kawaida linanepa. Ukiyachanganya kwenye ekseli moja, gari linavuta upande unapofunga breki au kukata kona. Barabara ya Bugarama inashuka kutoka zaidi ya mita 2,000 hadi usawa wa ziwa, huku waendesha baiskeli wakikimbia na mikungu ya ndizi na malori yakiwa mbele na nyuma yako. Hapo si mahali pa kugundua kwamba gari lako lina tabia mbili. Badilisha yote manne kwa pamoja. Fedha zikiwa hazijatosha, subiri.

Soma pia namba za ubavuni. 91V maana yake tairi linabeba kilo 615. Lenye 94 na herufi XL linabeba kilo 670, na kwa mtu wa mizigo tofauti hiyo ina thamani. Usishuke chini ya namba iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Tarehe ya kutengenezwa ni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 3221 ni wiki ya 32 ya mwaka 2021.

Mpelekee kazi fundi mwenye mashine. Kuta za ranflati ni ngumu mno, na mwenye mitaimbo mitupu ataikwaruza rimu au kuipasua. Mwambie kabla hajaanza kama gari lina vihisio vya upepo ndani ya magurudumu, maana hukaa karibu na valvu, na pigo moja linavivunja.

Halafu spea. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa kuwa wamelipia matairi manne wakasahau kwamba wameondoa kitu kilichokuwa badala ya la tano. Tafuta rimu ya tano inayolingana na gari lako, jeki, na spana. Jaribu kufungua kila boliti ukiwa nyumbani. Magari mengi yaliyotoka Japani yana boliti moja ya kuzuia wizi kwenye kila gurudumu, na ufunguo wake mdogo hupotea kabla gari halijafika Dar es Salaam. Bila huo spea yako ni mzigo tu. Kama matairi ya nyuma ni mapana kuliko ya mbele, spea moja haitalingana na pande zote mbili, na hapo pampu ndogo ya umeme pamoja na kamba za kuzibia zinasaidia zaidi. Ndiyo, buti litapungua nafasi ya magunia mawili.

Kuna unachopoteza. Tairi la kawaida likipasuka ghafla kwenye mwendo mkali, linayumbisha gari kuliko ranflati, na utalazimika kusimama pale pale, hata usiku, hata mahali usipopapenda. Anayeendesha mjini tu, kati ya Musaga na katikati ya jiji, akiwa na ranflati nzima, hana sababu ya kuharakisha. Wa safari ndefu na mizigo ahame.

Yanabaki yale matairi yaliyovuliwa, ambayo yatapata mnunuzi. Anayeyauza aseme kama yaliwahi kwenda bila upepo. Anayenunua aombe yafunguliwe kwenye rimu, apitishe kiganja ndani ya ukuta. Kiganja kikitoka na unga mweusi, au ukiona mstari wa mchubuko umezunguka ukuta mzima, liache hata ukipewa bure.