Namba Haivuki Daraja

"Ikivuka daraja, inageuka ishara." Hivyo ndivyo tulivyokaririshwa darasani. Alama ya sawasawa ni daraja, na namba ikitoka kushoto kwenda kulia huvua jumlisha na kuvaa toa. Kanuni hiyo imewafaulisha wengi mitihani, nami ni mmoja wao. Lakini mtoto akiuliza kwa nini namba igeuke kama kinyonga kwa kupita tu vistari viwili, huambiwa aandike asiulize.

Jibu lipo tangu miaka 1,200 iliyopita. Mjini Baghdad, enzi za Khalifa al-Ma'mun (813–833), Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu cha hesabu chenye maneno mawili katika jina lake: al-jabr na al-muqabala. La kwanza ndilo aljebra yetu. Maana yake ni kurudishia kilichopungua, au kuunga kilichovunjika. Ndiyo maana Wahispania wa zamani walimwita mwunga mifupa algebrista. La pili lina mzizi mmoja na neno letu mkabala: pande mbili zinakutanishwa uso kwa uso.

Kitabu hicho, ambacho sehemu yake kubwa inahusu mgawanyo wa mirathi, hakina hata x moja. Kila hesabu imeandikwa kwa maneno, na kisichojulikana huitwa "kitu" au "mzizi". Hata daraja lenyewe halimo: alama = ilibuniwa na Robert Recorde wa Wales mwaka 1557.

Chukua mlinganyo huu, kwa maandishi ya leo:

5x − 3 = 2x + 9

Kushoto kuna upungufu wa 3. Urudishie, na ili pande zisipishane, ongeza 3 kulia pia: 5x = 2x + 12. Hiyo ni al-jabr. Sasa x mbili za kulia zinatazamana na x tano za kushoto; ondoa mbili huku na mbili kule, zibaki 3x = 12. Hiyo ni al-muqabala, na x ni 4. Hakuna kilichovuka popote. Ile 3 "iliyogeuka ishara" ilifutika kwa kuongezewa 3, na ya kulia ni nyingine kabisa.

Al-Khwarizmi hakuwa akipanga hivi kwa ajili ya unadhifu. Kwa kuwa hakutumia namba hasi, aligawa milinganyo yake katika maumbo sita, akaeleza njia ya kukokotoa kila umbo. Swali lolote, la shamba au la urithi, lililetwa kwanza kwenye mojawapo ya hayo sita. Likishafika hapo, kazi ngumu imekwisha.

Mlinganyo wa mstari wenye vitu viwili visivyojulikana nao una umbo lake sanifu: ax + by = c. Herufi zote kushoto, namba tupu kulia, hakuna sehemu, na kwa kawaida ya kwanza haianzi na alama ya kutoa. Tujaribu kwa kipimajoto. Nyuzi za Fahrenheit (f) hupatikana kutokana na za Sentigredi (s) hivi:

f = 9/5 s + 32

Zidisha kila kitu kwa 5: 5f = 9s + 160. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa kuzidisha ile sehemu na kuisahau 32. Kisha ondoa 5f pande zote mbili, na 160 pande zote mbili:

9s − 5f = −160

Kuna tulichopoteza. Katika umbo la mwanzo unaona mara moja kwamba kila nyuzi moja ya Sentigredi huongeza 1.8 za Fahrenheit. Hapa mteremko huo umejificha, na mtu anayetaka kuchora grafu haraka nitamshauri abaki na lile la kwanza. Lakini pale f ilikuwa ikimfuata s kama mtumwa na bwana wake. Sasa wamekaa safu moja, unaweza kuanza na yeyote. Isitoshe, umbo hili linabeba hata mstari uliosimama wima kama nguzo, x = 3, ambao lile umbo la mwanzo, y = mx + c, haliwezi kuuandika kwa vyovyote.

Ukiwa na umbo hilo, jiulize: ni wapi vipimajoto viwili husoma namba moja? Weka t mahali pa s na pa f: 9t − 5t = −160, yaani 4t = −160. Jawabu ni −40. Ila usitegemee kipimajoto cha zebaki kikuthibitishie, kwani zebaki huganda kwenye nyuzi −38.8 za Sentigredi.