Histoni na Mpambe Wake: Suala la Istilahi

Mwaka 1978, huko Cambridge, Ron Laskey na wenzake waliipa jina la shaperoni protini inayoshika histoni katika mayai ya chura. Je, tuiiteje kwa Kiswahili?

“Mlinzi” halitoshi. Histoni ina chaji chanya; ikiachwa pekee, hugandamana ovyo na DNA yenye chaji hasi. Katika seli za binadamu, protini ASF1 huitambua jozi ya histoni H3 na H4 kwa umbo lake, huuziba upande ambao ungeungana na jozi ya pili, huikabidhi kwa protini CAF-1, kisha hujitenga.

“Kungwi” lafaa Pwani. Mwanafunzi wa Njoro huenda asilijue. Lakini mpambe ajulikana hata Nakuru: humsindikiza bibi arusi, humfikisha, naye haolewi. Basi, yafaa tuseme “protini mpambe”.