Habari ya Mtu Aliyeumia Kazini Akaondolewa

Mwezi huu twataka kunena habari ya jambo ambalo katika nyumba nyingi za Mbulu na Hanang hunenwa kwa sauti ya chini, au halinenwi kabisa: habari ya mtu aliyeumia kazini jeraha lisilopona, kisha akaondolewa kazini kwa sababu ya jeraha lile lile.

Wazee wetu walizijua hatari za kazi. Ng'ombe hupiga pembe, shoka huteleza, mti huangukia upande usiotazamiwa. Lakini mtu wa zamani aliumia katika shamba lake, kati ya ndugu zake, wala hapakuwa na mtu wa kumwambia, "Kazi yako imekwisha." Mambo yaligeuka ilipokuja kazi ya mshahara. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 serikali, ikisaidiwa na Kanada, ilifungua mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu, hata yakawa mashamba saba ya ekari 100,000 hivi, chini ya shirika la NAFCO. (Habari ya malisho ya Wabarbaig yaliyotwaliwa kwa ajili ya mashamba hayo ni ndefu na chungu, leo hatuiingii.) Msaada ule ulikoma katika miaka ya 1990, na mashamba yamepita mikononi mwa wengine. Lakini mashine hazikuondoka. Leo mashine za kupukuchua mahindi zavutwa kutoka kijiji hata kijiji wakati wa mavuno; kuna trekta, kuna misumeno ya mbao, kuna machimbo ya mawe, na vijana wetu wengine hushuka mpaka Mererani kuchimba tanzanite. Mashine haina macho. Haijui mkono wala gunzi.

Ndugu mmoja wa huku kwetu, Mkristo, baba wa watoto wanne, alikuwa katika mavuno ya tatu kwa mwajiri mmoja, naye hufanya kazi kwake mwaka mzima, si wakati wa mavuno tu. Siku hiyo mkanda wa mashine ulishika mkono wa shati lake ukauvuta mkono wa kuume. Vidole vitatu vikakatika, na kile cha nne kikabaki kigumu kama kijiti. Mwajiri, tuseme kweli, alitoa gari upesi na kulipa hospitali. Lakini juma la sita, ndugu yetu aliporudi kazini, mnyapara akamwambia ya kuwa mahali pake pamepata mtu. Akapewa bahasha yenye shilingi 150,000, "ndiyo pole," na karatasi ya kutia dole gumba. Akatia dole la kushoto, maana la kuume lilikuwa bado limefungwa kitambaa.

Akaenda nyumbani, akaketi. Mkewe alipouliza itakuwaje, alijibu ya kuwa Mungu amepanga. Wazee wa ukoo nao wakasema tajiri yule ni mtu mwema, aliwahi kutoa mabati ya shule, na tena shemeji wawili wa nyumba hiyo wangali wakifanya kazi kwake. Basi si vizuri kumkasirisha. Hivyo siku zikapita.

Sasa, sisi tulio walimu wa dini twapaswa kuwa waangalifu sana na neno lile, "Mungu amepanga." Ni neno la kweli na la faraja kinywani mwa mtu anayeugua. Lakini likitumiwa kufunika deni la mtu mwingine, linakuwa neno la kumsingizia Mungu. Mkanda wa mashine usio na kifuniko haukupangwa mbinguni. Wala kuachishwa kazi hakukupangwa huko.

Tena watu wengi hudhani ya kuwa sheria haina neno kwa mtu kama huyu. Zamani dhana hiyo ilikuwa karibu na kweli. Sheria ya fidia iliyotungwa wakati wa Waingereza, mwaka 1948, ilidumu miaka mingi bila kiasi chake kufuata bei za vitu, hata mwishoni mtu aliyelemaa kabisa kazini hakuweza kupata zaidi ya shilingi 108,000, fedha ya kununua mbuzi wachache. Lakini mwaka 2008 Bunge lilitunga Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kupokea michango Julai 2015, na kulipa mafao Julai 2016. Michango hiyo hutolewa na mwajiri peke yake. Hairuhusiwi kukatwa hata senti moja katika mshahara wa mfanyakazi. Sheria yahusu waajiri wote wa Tanzania Bara, wakubwa kwa wadogo, na kutojiandikisha ni kosa la mwajiri, si la aliyeumia.

Kazi ya Mfuko ni hii. Hugharimia matibabu. Mtu akiwa bado hawezi kazi kwa muda, hulipwa sehemu 70 katika 100 za mshahara wake, mpaka miezi 24. Jeraha likiwa la kudumu, daktari hupima kiwango cha ulemavu: kikiwa 30 katika 100 au chini yake, hulipwa fedha mara moja; kikizidi hapo, hupata malipo ya kila mwezi. Basi bahasha ya pole si fidia. Ni pole tu, na yafaa kushukuriwa kama pole.

Jambo la siku ndilo linaloangamiza wengi, nasi twaomba walimu walisome mara mbili. Aliyeumia amwarifu mwajiri mapema, na mwajiri anapaswa kuuarifu Mfuko katika siku 7. Akinyamaza, aliyeumia mwenyewe, au mtu wa kumsaidia, apeleke habari. Miezi 12 ikipita pasipo habari kufika, haki yaweza kupotea.

Hiyo ni habari ya jeraha. Habari ya kuondolewa kazini ni nyingine, ina sheria yake, ya mwaka 2004, na siku zake ni chache zaidi. Mwajiri hawezi kumwondoa mtu kwa kusema tu, "Huwezi tena." Kanuni zilizotolewa mwaka 2007 zilimtaka kwanza aangalie jeraha ni la kiasi gani, ni la muda au la kudumu, kama kazi yaweza kurekebishwa, kama iko kazi nyingine mahali pale pale, tena amsikilize mfanyakazi mwenyewe. Ndugu yetu hakuulizwa lolote katika hayo. Mtu akiona ameonewa, ana siku 30 tu tangu kuachishwa kupeleka shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo kwa mkoa wetu iko Babati. Aliyechelewa aweza kuomba kuongezewa muda, lakini lazima awe na sababu njema, na "niliogopa" si rahisi kukubaliwa. Aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo chini ya miezi 6 hana kinga hii ya kuachishwa isivyo haki. Hata hivyo fidia ya jeraha ni yake, ajapoumia siku ya kwanza.

Twajua mtu atasema, mambo ya Tume na Mfuko yahusu nini na gazeti la kanisa? Soma habari ya mtu aliyepooza mkono, ambaye Bwana wetu alimponya siku ya sabato. Luka, aliyekuwa tabibu, ndiye peke yake aliyeandika ya kuwa ulikuwa mkono wa kuume. Na Mtakatifu Yeronimo aeleza katika maandiko yake ya kwamba Wakristo fulani wa kale walikuwa na masimulizi ya kuwa mtu yule alikuwa mwashi, mjenzi wa mawe, aliyejipatia riziki kwa mikono, akamwomba Yesu ampe afya ili asiombe chakula kwa aibu. Basi Bwana hakuponya kiungo tu. Alirudisha kazi ya mtu.

Na nyumbani je? Hapa pana uchungu usioandikwa katika sheria. Mwanamume aliyezoea kuleta unga huona haya kuomba chumvi. Wengine huhamia kwenye pombe. Wengine huacha kuja ibadani, maana hawana sadaka. Tumeona nyumba ambamo baba alianza kula peke yake, nyuma, baada ya watoto. Mfalme Daudi alimketisha Mefiboshethi, kilema wa miguu yote miwili, mezani pake kila siku, kama mmoja wa wana wa mfalme, wala hatusomi ya kuwa alipimwa kwanza amelima ekari ngapi. Enyi mama wa nyumba, na ninyi watoto mliokwisha kukua, mwachieni baba kiti chake. Mshirikisheni hesabu ya mahindi, ada za shule, shauri la ng'ombe. Kichwa chake hakikukatwa na mashine.

Tulipomfikia ndugu yetu zilikuwa zimekwisha kupita siku 19 tangu aondolewe. Tuliketi naye, pamoja na mwalimu mmoja wa shule mwenye mwandiko mzuri, tukaandika kila kitu: tarehe na saa ya kuumia, jina la mashine, waliokuwapo, karatasi za hospitali, siku aliyorudi na maneno aliyoambiwa, mshahara wa mwezi. Tulimwandikia mwajiri kwanza, kwa heshima, tukimwomba aone kama iko kazi ya ghala au ya ulinzi. Hakujibu. Siku ya 26 mtu wetu akapanda basi la Babati na karatasi zake katika mfuko wa nailoni. Mkewe alikwenda naye ili amshikie kalamu.

Katika usuluhishi mwajiri alikubali kumrudisha, awe mwandishi wa magunia ghalani, kwa mshahara ule ule. Shemeji wale wawili wangali kazini. Habari ya jeraha imepelekwa kwa Mfuko, na sasa twangoja daktari apime kiwango cha ulemavu wake. Naye kila jioni hujifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, katika daftari la mtoto wake wa darasa la pili, na mtoto ndiye anayemsahihisha.